Tulivyokifuata Chombo Hadi Bwera

Ndugu zangu wa Mwanza, tangu nishuke basi Jumanne mmeniuliza swali lile lile. Kanisani, sokoni, hata kwa simu saa za kazi: "Adventina, Projesti umemwacha wapi?" Wengine mmeuliza kwa upole. Wengine, na mnajijua, mmesema nimemtupa kipofu wa watu nchi ya kigeni. Nilikasirika, sifichi. Basi nimekaa chini niandike yote mara moja, kila mtu asome, nisirudie kusimulia hadi koo linikauke. Mambo ya tiketi na makaratasi nayaruka, hayo yanachosha hata kuyakumbuka.

Kilichotutoa nyumbani

Kwa msiomjua vizuri, Projesti ni mdogo wangu, wa tano kati ya wavulana watano, na mimi ndiye msichana pekee. Surua ilimpofusha akiwa na miaka sita. Sasa ana thelathini na minne na hadi tulipoondoka alikuwa akikanda unga bekari, na mkate wake mliula bila kujua.

Kwa miaka tisa, kila Jumamosi, nilimpeleka bustani ya michezo akapande Chombo. Mnakikumbuka: kibanda cha bati chenye viti kumi na viwili, skrini mbele, na chini majeki ya mafuta yaliyokiinua na kukiyumbisha. Picha ilikuwa ya kiberenge, kile kigari cha relini, kinashuka mgodini kwa kasi, kinavuka daraja bovu, kinapita ndani ya maji na kutokea mwangani. Sisi tulishtuka kwa picha. Projesti alishtuka kwa mtikiso wenyewe, na alicheka kuliko wote. Humo ndani hakuna aliyemshika mkono. Kiti kilimrusha kama kilivyonirusha mimi, tukapiga kelele pamoja.

Halafu wakakiondoa. Mahali pake wakaleta miwani mikubwa ya kuvaa usoni, kila mtu na yake, kiti kimetulia tuli. Nisiwe mnafiki: niliivaa nikapiga yowe, na watoto wanaipenda kweli. Projesti naye akavalishwa. Msichana wa pale hakujua kuwa haoni. Projesti alikaa dakika zote nne ameinua uso, kisha akaivua, akaikabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Asante. Ni miwani mizuri." Niliumia kuliko siku nyingi za maisha yangu.

Baadaye mkata tiketi wa zamani alituambia Chombo kimenunuliwa na mfanyabiashara wa Kasese, Uganda, kikapakiwa kwenye lori kama kabati. Projesti akasema, "Nataka kukipanda mara moja tena, dada. Niage vizuri." Nikamwambia Kasese ni mbali mno. Akajibu kwamba kwake yeye kila mahali ni mbali, hata bafuni, na bado anaoga. Ndivyo alivyo huyo mtu, na ndiyo maana tukaenda.

Mwanza hadi Mutukula

Kwenye kivuko cha Busisi tulikuta foleni ya malori tangu juu kilimani. Tulikaa nusu siku. Mimi nilinung'unika, yeye alikaa karibu na injini ya lori lililokuwa likinguruma, akisikiliza kama mtu aliyealikwa harusini. Bukoba tulilala kwa shangazi, akatulisha ndizi na maharage hadi tukashindwa kuinuka, akatufungia kopo la senene, wale panzi wa kukaanga. Kopo hilo mlikumbuke.

Mpakani Mutukula, upande wa pili, afisa alimtazama Projesti kisha akaniuliza mimi, "Huyu anaenda kufanya nini Kasese?"

Projesti akajibu, "Huyu anakwenda kupanda kiberenge, afande. Na masikio anayo."

Afisa akasema kwa huruma, "Pole, sebo, bwana wangu. Treni ya Kasese ilikufa kitambo. Reli iko, treni hapana."

Tulijaribu kumweleza. Kadiri tulivyoeleza ndivyo alivyozidi kutuhurumia. Akawaita wenzake wawili waje waone watu waliotoka Tanzania kutafuta treni. Waligonga mihuri wakitikisa vichwa, na mmoja akatununulia soda. Projesti aliinywa yote na akaomba nisimsahihishe tena mtu yeyote.

Mutukula hadi Kasese

Hadi Mbarara nilitamba, maana Kihaya chetu na lugha yao zinasikilizana. Baada ya hapo nikawa bubu. Kwenye basi la kwenda Kasese alikaa nasi bibi mmoja mwenye Kiswahili, aliyekwenda kumwona mjukuu. Akamuuliza Projesti safari yake, naye, kwa ukorofi wake, akasema anafuata treni. Basi bibi akafunguka. Zamani alisafirisha ndizi kwa treni ile. Projesti akamuuliza ilikuwa ikilia vipi. Bibi akamgongea kwa vidole kwenye kiti cha mbele: hivi ikiwa tambarare, hivi ikipanda. "Na ikisimama katikati ya pori, watu wote mnanyamaza," alisema. "Hujui itaondoka au haitaondoka. Mimi nilikuwa napenda hapo." Projesti alimwomba amgongee tena, na tena, mpaka jirani wa mbele akageuka.

Tulipovuka daraja la Katunguru na kuingia katikati ya mbuga, watu wote walikimbilia madirisha ya kulia. Mimi pia nilikimbia, nikamsahau. Niliporudi na aibu yangu alikuwa akitabasamu. "Tembo," alisema. "Wako wengi na wametoka majini. Basi zima lilinuka matope."

Kasese

Kasese ina joto. Milima mirefu iko pale pale nyuma ya mji, lakini ubaridi wote imebaki nao juu. Mnunuzi wa Chombo tulimpata bila shida, maana mjini kila mtu alimjua Hajji Swaibu, msafirishaji mwenye malori matatu na duka la vipuri. Alitupa chai ya maziwa na sambusa kabla hajauliza shida yetu.

"Ile kitu niliona Mwanza, nikaipenda sana," alisema. "Nikasema watu ya hapa wanajua kiberenge, wazee wao wamechimba shaba huko Kilembe. Nikaweka karibu na soko. Wazee wakakuja, wakapanda. Wakatoka na hasira. Wanasema reli ya mgodi haiwezi kupita kwa maji, na dereva akiendesha namna ile, wangemufukuza siku ya kwanza."

Projesti alicheka hadi chai ikampalia. Akaomba maji ya kunawa uso, akaelekezwa uani. Alipotoka, Hajji akainama kwangu. "Nyabo, mama, huyu ndugu yako umemutoa mbali. Ile kitu imekufa. Majeki ilipasuka, mafuta ikamwagika yote. Picha nayo ikakufa. Nikauzia mama moja wa Bwera, Biira. Sijui anafanya nayo nini. Pengine anaweka kahawa."

Majeki yakifa hakuna mtikiso, na kwa Projesti mtikiso ndio Chombo chenyewe. Picha hakuwa na haja nayo. Aliporudi, maji yakimchuruzika kidevuni, akauliza, "Kiko wapi?" Nikasema Bwera, kama saa mbili tu kwa gari. Yaliyobaki niliyameza. Usiku kucha nilitunga uongo: kimevushwa Kongo, kimeungua, mwenyewe kahamia mbali. Sikupata hata mmoja ambao asingeunusa.

Njia panda ya Kikorongo

Hajji, Mungu ambariki, alitupakia alfajiri kwenye lori lake lililobeba saruji kutoka Hima. Tulipofika Kikorongo, pale barabara ya Bwera inapochepuka, dereva alisimama kumsubiri mwenzake mwenye karatasi za mzigo. Alisema dakika kumi. Zikawa saa nne. Tulikaa chini ya kibanda cha mama muuza samaki, tukala ngege wa Kasenyi, sato wa kwetu, waliokaangwa wakakauka, kwa chumvi na ndimu. Nilimchambulia Projesti miiba.

Akasukuma sahani. "Dada, tangu jana unanichambulia samaki, umeninawisha mikono mara mbili, na hujanigombeza hata kidogo. Nani amekufa?"

"Chombo," nikasema. Nikamweleza yote, majeki, mafuta, kahawa. Nikamwambia pia nilitaka kumdanganya. Hakukasirika. Alilamba chumvi vidoleni, na mimi nikatamani anigombeze.

"Nikikuambia turudi, utarudi?" aliuliza.

"Leo hii."

"Mimi sirudi. Hata msibani watu wanafika. Nitakigusa tu, kisha tutakwenda nyumbani." Akavuta sahani yake, akamalizia samaki, akachambua na wangu.

Bwera

Mnajua mwaka huu ugonjwa wa Ebola uko ng'ambo ya mpaka, Kongo. Bwera nzima ilikuwa na ndoo za maji ya dawa, kila mlango unanawa, na hakuna anayempa mtu mkono. Wanasalimiana kwa viwiko. Jambo hilo lilimtesa Projesti, maana yeye mtu humjua kwa kiganja. Alisema ni kama kuingia mji ambao kila mtu amejifunika uso.

Ilikuwa siku ya soko. Tulielekezwa nyuma ya mabanda ya nguo, tukamkuta Biira, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, amekalia gunia la kahawa. Alitupa kiwiko, akauliza kila mmoja wetu ni mtoto wa ngapi kwao, maana Wakonzo, wenyeji wa huko, hutaja mtu kwa mpangilio wa kuzaliwa. "Musichana wa kwanza? Basi weye ni Masika, dada yangu. Mie ni Biira, wa pili. Na huyu, kijana wa tano, ni Thembo." Hakutuuliza kama tunakubali.

Nikamuuliza Chombo kiko wapi, nikijiandaa kuona magunia. "Iko inafanya kazi," alisema, akashangaa kwa nini nimeshika kifua.

Kilikuwa pale, bati lake la bluu limechubuka. Majeki waliyatoa. Mafundi wa Bwera walikikalisha juu ya springi za lori, nne, wakaingiza miti mirefu ya mikalatusi chini, na wanaume wanne walisimama kwenye miti hiyo. Mtikisiko wote ulikuwa mikono yao. Skrini ilikuwa imekufa kweli, madirisha yamezibwa kwa magunia, ndani giza tupu. Projesti alikizunguka akikipapasa. Akaingia, akahesabu viti, akafika cha saba, akapata ule mpasuko aliozoea kuutia kidole miaka tisa, sasa umeshonwa kwa uzi wa gunia. "Ni chenyewe," alisema.

Tukapanda, sisi na watu kumi wa sokoni. Biira akafunga mlango, akapaza sauti kwamba tunaondoka, na wale wanaume wakaanza. Ndugu zangu, walitutikisa. Hawakupumzika tangu mwanzo hadi mwisho. Meno yaligongana, mama mmoja akatapika kwenye kikapu chake, mzee akawa anaomba ashushwe. Mlango ulipofunguliwa watu walitoka wakishikilia kuta.

"Batu banaingia mara moja, habarudi," Biira alilalamika. "Na tunatikisa kwa nguvu yote."

"Kwa nini hampumziki?" Projesti aliuliza.

"Tupumzike? Mutu amelipa kutikiswa. Tukimuacha anakaa kimya, atasema tumemuibia."

Nilimwona Projesti akishusha pumzi. Nilidhani ameaga, nikaanza kutafuta mifuko yetu. Kumbe alikuwa anatafuta ukingo wa bati. Akaugonga kwa konzi, taratibu.

"Mnatikisa vizuri kuliko majeki," alisema. "Shida yenu hamjui kunyamaza. Mwanzo kinapanda polepole, hesabu arobaini. Kisha kinasimama juu kabisa. Hapo hakuna kinachotokea. Mtu anangoja, anajiuliza. Hapo ndipo anapolipia."

Mmoja wa wale wanaume, amechoka na jasho linamtoka, akamjibu, "Na wewe hauoni. Utajuaje picha ilikuwa namna gani?"

"Picha siijui hata leo," Projesti alisema. "Mwendo wake ndio ninaoujua."

Alasiri yote aliwafundisha. Mkono mmoja kwenye mti, mwingine ukigonga bati: hapa panda, hapa simama, hapa kushoto kidogo tu, hapa achieni kabisa. Aliwafanya wasukume kwa uzito wa mwili badala ya mabega, kama anavyokanda unga, na wale wanaume wakashangaa hawachoki. Walipokosea aliwarudisha mwanzo. Sikuwahi kumsikia mdogo wangu akiamuru watu. Biira alileta bundu, ugali wao wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, nami nikafungua kopo la shangazi. Senene wakaisha kabla bundu halijapoa.

Kabla soko halijafungwa wakajaribu na abiria. Safari hii Projesti hakukaa kiti cha saba. Alisimama mlangoni akampa kila mtu kiwiko chake, akamwongoza gizani mpaka kitini. Zamu yangu ilipofika nilisita. Miaka ishirini na minane mimi ndiye niliyempa kiwiko. "Shika, dada," alisema. "Kuna ngazi mbili." Nikashika.

Mlango ukafungwa, naye akiwa humo ndani nasi. Akaanza kusema, kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na jirani. Kiberenge chake kilitoka Kilembe, kikapita mjini Kasese kwenye reli iliyokufa, na wale wanaume wakakipandisha polepole sana, tiki, tiki, tiki, ile ile ya vidole vya bibi wa kwenye basi. Kikapita kwa tembo, akatuambia tuvute pumzi, na naapa mtu mmoja alisema anasikia matope. Kikasimama juu. Kimya. Nilisikia watu kumi na wawili wakipumua. Hakuna aliyeona chochote, na kwa mara ya kwanza mimi na ndugu yangu tulikuwa mahali pamoja kabisa. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Ndipo aliposema, kwa sauti ya yule afisa wa Mutukula, "Huyu anaenda kufanya nini Kasese?"

Na wakakiachia.

Nililia na kucheka kwa pamoja. Yule mzee aliyeomba kushushwa mara ya kwanza alikuwa wa kwanza kurudi kwenye foleni.

Kurudi

Siku ya tatu nilifunga mifuko miwili. Projesti akafungua wake na kutoa vitu. "Mimi nabaki," alisema.

Nilimgombeza hapo, mnajua ninavyoweza. Nani atakupikia, nani atakufulia, nani atakuvusha barabara na malori yale? Biira akasema atakula kwake na watoto wake. Projesti akasema kutoka kwa Biira hadi kwenye Chombo ni hatua mia mbili na kumi na mbili, na mtaro mmoja, na tayari anakwenda peke yake. Nikasema ugonjwa uko ng'ambo. Akasema atanawa. Ukweli ni kwamba niliona wivu, ndugu zangu. Niliogopa pia, si kwa ajili yake. Niliogopa kurudi nyumbani na mkono mtupu.

"Dada," aliniambia, "kule nilikuwa abiria miaka tisa. Nilikuja kuaga kweli. Nimepata kazi."

Nikamwachia koti langu la mvua. Kwenye basi nilikaa dirishani. Tulipofika mbugani niliona tembo, nikageuka kumwambia, nikamkuta mtu nisiyemjua. Kwenye kivuko nilitanua kiwiko kabla ya kushuka, kama mjinga, na hakuna aliyekishika. Nilisimama hapo mpaka watu wa nyuma wakanisukuma.

Jana amenipigia. Foleni ya siku ya soko inafika kwenye mabanda ya nguo. Wachimba shaba wawili wa Kasese wamekuja na Hajji Swaibu, wamepanda, hawakukasirika. Mmoja alimwambia kiberenge hakisimami pale, kinasimama mbele kidogo, na Projesti amekubali kupasogeza. Bekari ya Bwera nayo imemwomba asubuhi zake. Anawasalimia ninyi nyote, hasa mliosema nimemtupa.

Kwa hiyo msiniulize tena. Anayetaka kujua aende, njia nimeshawaandikia. Viti ni kumi na viwili. Mkifika mtanawa mikono, mtasimama kwenye foleni, na atatokea mtu mlangoni amevaa koti langu la mvua. Msimshike mkono kumsaidia. Ngojeni awape kiwiko, kisha mfuateni. Ngazi ni mbili.